Ya Kijivu Si Mchezo

Walimwita Meno, na msidhani ni kwa sababu alikuwa nayo mengi. Mawili ya mbele yalishang'oka zamani, na yeye, fundi wa meno ya bandia aliyewarudishia watu wa mji ule vicheko vyao, hakuwahi kujitengenezea hata moja. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Kwani nacheka na nani?" kisha akainamia kazi yake. Mganga hajigangi, wanasema, na huyu hata kujaribu hakujaribu.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kliniki, kule wagonjwa wasikofika. Daktari humjaza mgonjwa kinywani ule ujiuji mzito mpaka ushike umbo la ufizi, kisha umbo lile hupitishwa kwenye kidirisha na dada wa mapokezi. Meno humimina plasta ndani yake, husubiri ikauke, hupanga meno juu ya nta moja baada ya jingine, halafu hukaa kuyasugua mpaka yang'ae. Wenye meno hawajui. Wakikutana naye sokoni wanamsukuma kama wanavyosukumana wote. Kutwa nzima alikuwa na safu ya vinywa mbele yake kwenye rafu, vyote wazi, na hakuna hata kimoja cha kumwambia shikamoo.

Jioni alirudi nyumbani, na nyumbani nako ni hayo hayo. Mkewe alikuwa amefariki, huu mwaka wa tatu. Tangu hapo Meno hakujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Alipika sufuria nzima, akala kijiko, kinachobaki akakila kesho yake na keshokutwa mpaka kimchukize. Televisheni aliiwasha ili isikike tu. Akiulizwa na majirani, "Hujambo mzee?" alijibu, "Sijambo kabisa," na mlango akaufunga. Uongo mtupu! Alikuwa mpweke, tuseme lilivyo. Alikuwa mpweke kiasi kwamba hata mtu akipiga simu kimakosa, alikuwa anajaribu kumchelewesha. "Hapana, siye mimi, lakini huyo unayemtafuta yukoje?"

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Binti huyu alipata kazi mbali, huko ambako mtu hupanda ndege, akashuka, akapanda nyingine ndipo afike. Kila Jumapili alipiga simu, hakosi, na mazungumzo yao yalikuwa haya:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mzima?"

"Mzima. Umekula?"

"Nimekula."

"Na dawa ya presha?"

"Nimemeza."

"Haya baba. Jitunze."

Kwisha. Meno alibaki ameishika simu, akiyakumbuka sasa yale yote aliyokuwa ameyapanga kusema wiki nzima. Alikuwa amepanga kumweleza kuhusu yule bibi aliyerudisha meno kwa kuwa yanampigia mluzi akiomba dua. Jambo la kuchekesha kweli. Lakini binti alipouliza umekula, akajibu amekula, na bibi wa mluzi akapotelea hapo.

Basi angeendelea hivyo hivyo, lau si likizo ya mwaka jana. Binti alikuja kumtembelea. Siku za kwanza walikaa sebuleni, huyu anatazama simu, yule anatazama televisheni, na kila mmoja anamwambia mwenzake, "Pumzika." Mchana mmoja Meno akapika chai, akaweka kikombe kwenye sinia na kumpelekea chumbani. Kufika mlangoni akasikia kicheko. Akasimama. Ndani kulikuwa na mtu anacheka mpaka anakosa pumzi, na mtu huyo alikuwa mwanawe, ambaye hakumsikia akicheka tangu msiba.

Alikuwa amevaa vile visikio vikubwa, laptop mbele yake, anacheza gemu na wenzake walioko huko na huko duniani. Gemu yenyewe walikuwa wanajenga kijiji: huyu anakata miti, huyu anachimba kisima, huyu anafukuza ngiri shambani. Lakini mikono ikijenga, midomo ilikuwa inapiga soga. Na binti yake, yule wa umekula-nimekula, alikuwa anazungumza kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Mama yangu alikuwa akinisuka," alikuwa anawaambia, "anavuta mpaka macho yanapanda juu. Nikilia ananiambia, uzuri ni udhia! Nyie, nilikuwa naenda shule nimeshangaa siku nzima!"

Wenzake wakacheka. Meno aliwasikia wakivuma kwa mbali ndani ya visikio. Chai ikapoa mikononi mwake.

Aliona wivu. Mzee mzima, mwenye mvi na plasta kwenye nyusi, aliwaonea wivu watu asiowajua, wanaochimba kisima kisicho na maji. Mama yake ni mke wangu, alijisemea, mbona wanasimuliwa wao? Akairudisha ile chai jikoni na kuimwaga.

Jioni yake aliuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari ya mvua. "Huo mchezo wenu unaitwaje?" Binti akamtajia. "Na mtu yeyote anaweza kuingia?" "Yeyote baba, ila laptop iwe na nguvu. Yangu ya zamani ilikuwa inaganda." Meno akaitikia kwa kichwa. Neno nguvu akalifunga moyoni, na binti aliporudi kazini, yeye alibaki na shauri lake moja: atanunua laptop yenye nguvu, atajifunza, ataingia katika kijiji kile, na siku moja mwanawe atageuka na kumwona baba yake amesimama na shoka. Hapo watazungumza. Asingehitaji kupanga maneno. Angekata miti tu, na maneno yangekuja yenyewe.

Msimcheke. Mtu akizama hushika hata povu.

Duka la kwanza aliingia kwa ujasiri. Muuzaji alikuwa baba mmoja mwenye kitambi na sauti ya mnada. Meno akamwambia, bila kuficha, kwamba anataka laptop ya kuchezea gemu.

"Gemu!" muuzaji akapaza sauti. "Sawa mzee wangu. Hapo cha kuangalia ni kadi ya picha. Unataka ya ukubwa gani?"

"Picha ninazo," Meno akasema. "Zote ziko kwenye simu. Hazinisumbui."

Duka likacheka. Kulikuwa na wateja watatu na wote walicheka, na muuzaji, badala ya kumstiri mwenzake, akawa anarudia, "Picha anazo! Picha anazo!" akijifuta machozi. Kumbe kadi ya picha si ya kutunzia picha. Ni kile kidubwana cha ndani kinachoichorea kompyuta kila kinachoonekana kwenye kioo, na gemu kubwa bila hicho haiendi. Lakini nani alimweleza? Hakuna. Meno alitoka pale masikio yanawaka, na kuanzia siku hiyo akaapa hamwambii mtu tena laptop anaitakia nini. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Yeye aliamua kuuficha.

Duka la pili lilikuwa la mama mmoja mpole, miwani imening'inia kifuani. Akamkaribisha, akamuuliza ni ya kazi gani.

"Ya kuandikia ripoti," Meno akasema.

"Ripoti za ofisini?"

"Hizo hizo."

Yule mama akamwekea mbili mezani. Moja nyeusi, mistari myekundu pembeni, na ukiiwasha herufi zake zinawaka rangi zote kama duka la saluni. Nyingine ya kijivu, kavu, haina pambo lolote, ungedhani imetoka ofisi ya kodi. Meno akazitazama, akazigusa, akazinyanyua kupima uzito. Maandishi yaliyobandikwa pembeni alikuwa anayaona, ila hayakumwambia kitu. Akaomba dakika moja, akatoka nje na kuzipiga picha kupitia kioo cha dirisha, akamtumia mpwa wake.

Mpwa huyu, mtoto wa dada yake, kazi yake ni kutengeneza kompyuta katika mji mwingine. Anajua anachokifanya, ila mdomo wake hauna mlango; ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaisikia kwa watu. Kwa hiyo Meno akamwandikia kwa tahadhari: "Mpwa, nataka laptop yenye nguvu. Ipi nichukue?" Basi. Habari ya gemu hakuigusa.

Jibu likaja upesi: "Mjomba hiyo nyeusi ni ya mchezo tu. Ya kijivu si mchezo."

Meno akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Moyo ukamruka. Loo, mtoto huyu ana kipaji! Hata hakuambiwa, ameshajua mjomba anatafuta nini! Nyeusi ni ya mchezo tu, yaani imetengenezwa kwa mchezo peke yake. Ya kijivu si mchezo, yaani hiyo ni ya maripoti. Na hata kwa macho ilikuwa inaonekana: kati ya hizi mbili, ipi ya kuchezea kama si ile inayowaka rangi zote?

Akaingia dukani kifua mbele. "Nipe hiyo nyeusi."

"Umechagua vizuri," mama wa duka akasema. "Kwa ripoti itakutosha kabisa, wala haitakusumbua."

Maskini, hata hilo halikumshtua. Alilipa, akaibeba kifuani barabara nzima akiikinga na viwiko vya watu, na usiku ule alilala mapema ili kukuche haraka.

Jumamosi asubuhi aliifuta meza, akaondoa sufuria, akaiweka laptop katikati. Kuiteremsha ile gemu kutoka mtandaoni ilichukua siku nzima. Mstari mdogo ulikuwa unatambaa kwenye kioo, naye kaketi mbele yake, anauangalia. Hakuchoka. Ilikuwa ni miezi tangu awe na kitu cha kusubiri. Alifanya mazoezi ya atakachosema akimkuta mwanawe kijijini. "Hodi wenyeji!" Hapana, hiyo ya kizee. "Jamani kisima kiko wapi?" Hiyo afadhali. Akaisema kwa sauti mara kadhaa sebuleni, akibadilisha lafudhi, na mara moja akacheka mwenyewe, mkono mdomoni kuficha pengo ingawa hapakuwa na mtu.

Jumapili asubuhi mstari ukafika mwisho. Akabonyeza. Muziki ukalia, mlima ukatokea, na miti ukingoni mwa mto. Akaona kwa mbali paa la nyumba. Akasogeza kidole kuiendea ile nyumba.

Mlima ukasimama. Mto ukasimama. Muziki ukakwama kwenye sauti moja, kama mtu aliyeshikwa na kigugumizi. Laptop ikaanza kunguruma, ikapata moto chini, kisha kioo kikawa cheusi. Akawasha upya: mlima, miti, paa la nyumba, giza. Akajaribu mpaka adhuhuri. Safari zote aliliona lile paa, na safari zote hakulifikia.

Akampigia mpwa wake, sauti imempanda. "Laptop gani hii umenichagulia? Inakufa!"

"Mjomba, ya kijivu haiwezi kufa. Ile mashine ni jabali!"

"Ya kijivu ya nini? Nimenunua nyeusi!"

"Nyeusi! Mjomba, si nilikuandikia kabisa kwamba hiyo ni ya mchezo tu?"

"Ndiyo! Na mimi nataka ya mchezo!"

Mpwa akaanza polepole, kama anayemsogelea mbuzi aliyekata kamba. "Mjomba. Nilisema ni ya mchezo, yaani ya utani utani tu, haina nguvu. Ya kijivu si mchezo. Si mchezo, mjomba! Yaani ni hatari, balaa, moto!"

"Sasa kwa nini usiandike moto?"

Mpwa akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akasikika anamwita mkewe aje asikie, na Meno akakaa na simu sikioni, anangoja kicheko cha watu kiishe. Neno analolitumia yeye mwenyewe kila siku, analowaambia wenzake kliniki, "kazi hii si mchezo jamani," limempiga chenga mchana kweupe.

"Lakini mjomba," mpwa akasema alipopata pumzi, "wewe na gemu wapi na wapi?"

Meno alitafuta uongo na hakuupata. "Ile anayocheza dada yako," akasema. "Nilitaka tucheze naye."

Mpwa hakucheka tena. "Ooh," akasema. Kisha, "Haya mjomba," na simu ikakatwa. Na kama mjuavyo, mdomo ule hauna mlango.

Hazikupita dakika nyingi simu ikaita. Ni binti, na wala haikuwa saa yake ya kupiga. Meno akaipokea kwa hofu.

"Baba! Eti umenunua laptop ya gemu?" Alikuwa anacheka. "Na ukaacha ya maana kwa sababu si mchezo? Baba jamani!"

Meno akacheka naye kidogo, kwa heshima. Kicheko kikaisha upande ule, kisha kikaisha na upande huu.

"Kwa nini lakini, baba?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema aliona tangazo. Lakini alikuwa amechoka, ameshinda na ule mlima unaoganda tangu asubuhi, na hasira zilikuwa bado hazijamtoka.

"Nilikusikia," akasema. "Siku ile, ulipokuja. Nilileta chai. Ulikuwa unawasimulia wale watu habari za mama yako. Hawamjui! Hawakumwona hata siku moja! Mimi ninayemjua unaniuliza kama nimekula. Nilitaka niingie humo ulimo, na mimi nisimuliwe. Ndiyo hivyo. Sasa cheka."

Hakucheka.

"Baba," akasema, "ukiingia mle, nitanyamaza."

Lilimchoma. Akaketi vizuri.

"Usinielewe vibaya. Nawasimulia wale kwa sababu hawamjui. Nikimtaja mama wanacheka, mambo yanaendelea, mtu anakata mti. Nikimtaja kwako wewe unanyamaza. Baba, unanyamaza mpaka mimi naogopa. Nahisi nimekuumiza, naanza kutafuta maneno mengine, ndipo nakuuliza umekula. Nifanyeje? Kila Jumapili napiga nikiwa nataka kumtaja, na kila Jumapili naishia kwenye dawa ya presha. Hata huku nilipo, usidhani nina watu. Natoka kazini nafunga mlango. Nina wale wa kwenye gemu, na wewe. Na wewe ukisikia jina la mama unaondoka."

Meno akafungua kinywa. Alikuwa na mengi ya kujibu: kwamba haondoki, kwamba yuko hapa hapa, kwamba hakuna anachotaka zaidi ya hicho. Lakini maneno yakagoma, kama siku zote. Alikaa na kinywa wazi. Alisikia pumzi za mwanawe upande wa pili zikimsubiri, na hakutoa hata neno.

"Unaona, baba?" binti akasema, kwa upole. Alisikika anafuta pua. "Basi. Haidhuru. Jitunze, eh?"

"Mama yako alikuwa anakoroma," Meno akasema.

Lilimtoka tu. Wala halikuwa miongoni mwa yale aliyowahi kuyapanga.

"Alikuwa nini?"

"Anakoroma. Usiku kucha. Ukimwambia anakataa katakata, anasema eti ni mimi." Meno akaendelea upesi kabla maneno hayajamkimbia. "Mpaka siku moja nilimrekodi kwenye simu, nikamsikilizisha asubuhi. Unajua alisema nini? Akasema, huyo ni jirani."

Upande wa pili kulitoka sauti, ikaanza kama kilio na haikueleweka iliishia kuwa nini.

"Miaka yote ile nililala vibaya kwa ajili yake," Meno akasema. "Na sasa silali kabisa, mwanangu. Nyumba iko kimya. Silali."

"Baba," binti akasema, "hiyo sauti uliyomrekodi, bado unayo?"

"Ninayo," Meno akasema. "Sijawahi kuifungua."

"Niwekee."

Akaitafuta. Akaipata, akaongeza sauti, akaiweka simu mezani pale kando ya ile laptop isiyo na nguvu, na mkewe akaanza kukoroma sebuleni mchana ule, kwa nguvu zake zote, nao wawili wakamsikiliza.